Kioo cha bafuni Mikumi kilivyotaka kunimalizia jina

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii imenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminium, makazi Kilosa. Shule niliishia darasa la saba, ila kutoka Kilosa hadi Mikumi ukiona dirisha limekaa sawa, uliza nani kafunga.

Kuna Mama Rehema, ana gesti Mikumi. Nilimwekea bafuni kioo cha frosted, kile chenye ukungu. Alishaniahidi na jengo lake jipya la Kilosa, madirisha yote.

Wiki haijaisha, simu. "Fundi, njoo uone ulichonifanyia."

Nikafika. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgeni wangu kaoga asubuhi, madereva wapo uani wanakunywa chai. Mpishi ndiye kamwambia: dada jifunike, unaonekana. Kaondoka analia."

Mpwa wake, injinia, akadakia: "Kioo feki hiki, mama mdogo. Kilosa mpe fundi aliyesoma."

Wakuu, iliniuma.

Nikaingia bafuni, mama akabaki uani. Kioo kikavu, ukungu mtupu, haoni kitu. Nikachota kopo la maji, nikakimwagia.

"Na sasa mama?"

"Naona mpaka kifungo cha shati kilichokatika."

Hapo nikajua. Kioo kizima, kosa langu.

Frosted ina uso laini na uso uliokwaruzwa. Huku kwetu vumbi jekundu likiganda kwenye mikwaruzo, kulitoa kazi, kwa hiyo siku zote ule uso wa mikwaruzo naugeuzia ndani. Sebuleni haina shida. Bafuni nilikuwa nimeuelekeza kwenye maji!

Iko hivi: mwanga ukigonga ile mikwaruzo unatawanyika kila upande, unaambulia kivuli. Maji yakijaza vile vishimo, uso unakuwa kama laini, mwanga unapita ulivyo na picha inakuja kamili. Hata selotepu isiyo na rangi ukiibandika vizuri upande wa mikwaruzo inafanya hivyo hivyo. Ofisini kwangu nimebandika kipande, namuona mteja kabla hajabisha hodi.

Nikageuza kioo, laini ndani, mikwaruzo nje. Upenu ni mpana, mvua haifiki. Nikamwaga maji tena.

"Sasa sijui ni wewe au ng'ombe," mama akasema. "Na vumbi je?"

"Likikaa huko nje linazidi kuficha, mama."

Injinia alikuwa anaangalia simu yake.

Kazi ya Kilosa nimepewa. Ila mama kaweka sharti: kila bafu nikimaliza naoga mimi kwanza, yeye na mpishi wakiwa nje wanakagua. Nimeshaoga mabafu manne, na bukta yangu.

Nilichojifunza: mazoea ya sebuleni usiyapeleke bafuni, hata kama wewe ndiye fundi wa mafundi.

Wenye frosted, kaimwagieni maji leo, mtu asimame nje, halafu mrudi hapa mseme mmeona nini.