Farasi Aliyevunja Mwendo Kwenye Kona

Mimi sikusomeshwa na mtu. Karo ya diploma yangu ya afya ya mifugo niliitafuta mwenyewe kwa kukamua ng'ombe wa watu, na leo diploma hiyo inaning'inia ukutani kwenye kliniki niliyoijenga baada ya kurudi Kenya. Mkulima akiingia, namwonyesha hiyo kwanza, kisha ndipo namuuliza ng'ombe ana nini. Lakini nilipokuwa Birmingham, Uingereza, karatasi ileile haikuniruhusu kumdunga hata paka sindano. Nilifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao, kama Wakenya wengi wa pale, na katika wazee wote niliowaosha na kuwavisha, mmoja tu ndiye aliyenipa nafasi ya kuonyesha mimi ni nani.

Mzee huyo aliishi mtaa wa Northfield. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande wa kulia, na kila asubuhi nilimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Ukutani kwake hapakuwa na picha ya harusi wala ya wajukuu. Ni farasi watupu: wafupi, vifua vipana, manyoya mengi miguuni, kila mmoja akivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili chenye dereva. Familia yake ilikuwa imefuga farasi hao wa kienyeji tangu enzi za babu yake, kwa ajili ya mashindano ya mchakamchaka. Humo farasi hukimbia kwa kutupa miguu miwili kwa pamoja, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha ile mingine. Akivunja mwendo huo akaanza kwenda mbio za kuruka, dereva lazima amvute hadi atulie, na wenzake wote wanampita.

Katika ukoo mzima wa farasi hao alikuwa amebaki jike mmoja wa rangi ya kahawia. Naye alivunja mwendo kila shindano, kwenye kona ya mwisho.

"Ni damu," aliniambia binti wa mzee, ambaye ndiye aliyemlisha jike huyo na kumwendesha. "Mama yake alikuwa hivyohivyo. Akivunja mara moja tena, namuuza."

Mzee aligeuzia uso dirishani. 

"Mimi nina diploma," nikasema.

"Ya ng'ombe, bab," mzee akajibu bila kugeuka. Watu wa mji ule humwita hivyo yeyote wanayempenda, na wakati mwingine wasiyempenda.

"Ng'ombe wana damu, farasi wana damu. Tusiilaumu kabla hatujaipima."

Nikawaeleza kwamba kuna jeni inayojulikana kumsaidia farasi kushika mchakamchaka, na kwamba maabara huisoma kwenye mizizi ya nywele. Binti alinitazama kama anayenipima kilo, lakini siku iliyofuata alileta bahasha yenye nywele za shingo ya yule jike, mizizi yake ikiwa mizima. Tukaituma.

Nyumbani, mtaa wa Winson Green, niliishi na Mkongo mmoja mwenye gari na mdomo mrefu. Nilipomsimulia alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Diplome ya ngombe inapima farasi ya bazungu! Kaka, batakufukuza!"

"Subiri majibu," nikamwambia.

Majibu yakaja kwenye simu ya binti, akanipa nisome mwenyewe. Jike alikuwa amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, pande zote mbili! Nilipiga makofi pale sebuleni hadi mzee akashtuka kitini.

"Damu yake haina kosa," nikasema. "Kuna kitu kinamuuma. Nipelekeni kwake."

Malisho yalikuwa nyuma ya nyumba za mwisho za mji. Hapo nikafanya kosa ambalo ni mpandishaji wa ng'ombe tu anayeweza kulifanya. Kwa miaka mingi niliwapandisha ng'ombe mbegu kwa mrija, na kazi hiyo hufanyiwa nyuma, karibu kabisa na mkia. Ng'ombe hutupa teke kwa pembeni, kwa hiyo pale nyuma ndipo salama. Miguu yangu ikanipeleka palepale bila kuniuliza. Farasi hupiga moja kwa moja nyuma. Nilijikuta nimekaa kwenye tope, paja likiwaka moto.

"Diploma imepona?" binti akauliza.

"Imepona. Mshike kichwa."

Sisi wafuga ng'ombe hujua umri wa mnyama kwa kumwangalia meno, na mkono wangu umeingia kwenye midomo mingi kuliko wa daktari yeyote wa meno wa Birmingham. Nilimshika ulimi, nikapitisha kidole taratibu kwenye ufizi wa juu. Kulia, laini. Kushoto, mbele tu ya magego, nikagusa kijino kama punje ya mahindi, na jike akarusha kichwa juu. Pale pale ndipo chuma cha lijamu hupita! Kila alipovutwa kwa nguvu kwenye kona ya mwisho, chuma kiligonga jino, naye akaruka kwa maumivu. Binti alikuwa amechunguza kwato, goti, mgongo. Mdomoni hakuwahi kutazama.

Sikuwa na ruhusa ya kuling'oa. Akaitwa daktari wa farasi wa pale, akachungulia, akauliza, "Nani ameliona hili?" Binti akaninyooshea kidole. Daktari akaling'oa, kisha akanipa mkono, na mimi, sitaficha, niliushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jeraha lilipopona, siku ya shindano ikafika. Mkongo alinipeleka kwa gari lake, na mzee nilikuwa nimemwekea simu yake mbele ya kiti, aone yote kupitia yangu, jirani akiwa naye. Farasi saba waliondoka na vigari vyao, udongo ukiruka, na jike wetu akiwa wa tano. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Kona ya mwisho ikaja, binti akavuta hatamu, na mimi nikainua simu juu zaidi. Kwato ziliendelea mbili mbili, mbili mbili, kama mtu anayetwanga.

"Anashika!" Mkongo akapiga kelele kuliko Wazungu wote. "Docteur, anashika!"

Akamaliza wa tatu. Binti alishuka kwenye kigari uso wote matope, akaninyang'anya simu.

"Umeona, baba?"

"Picha iligandaganda. Alivunja?"

"Hapana."

"Hata kwenye kona?"

"Hata kwenye kona. Simuuzi."

Sauti ya mzee ikasema, "Mpe yule wa ng'ombe." Nikapokea. "Bab," akasema, "kesho njoo mapema. Tumtafutie mume."

Nilikwenda saa moja kabla ya zamu yangu. Alikuwa ameomba daftari la vizazi lishushwe kabatini, lote, hadi kurasa za babu yake. Tulisoma hadi chai ikapoa. Nilikataa madume wawili aliowapenda kwa sababu walikuwa na babu mmoja na jike wetu, naye akabisha, akanitukana kidogo, kisha akanipa kalamu nimwandike yule wa tatu.