Sweta ya Shule Zote

Juzi mvua ilipotunyeshea hapa Meru mjini, mteja mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa amelowa chepechepe, akavua sweta yake na kuitundika kwenye kiti kando ya printa. Muda si muda, harufu ya sufu iliyolowa ikajaa chumba kizima. Alikuwa amekuja kuchorewa lebo ya asali. Alipoona nimempangia mistari ya rangi ya chungwa, kijani na damu ya mzee, aliuliza, "Hizi vitu huwa unatoa wapi, madam?" Nilicheka tu nikamwambia ni mazoea ya kazi. Ninyi nitawaeleza.

Mama yangu alikuwa fundi wa sweta za shule katika soko la Kiritiri, huko Embu ya chini ambako jua halina huruma na watu hununua sweta kwa sababu tu shule imesema. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo tuliishi kwa mama yake, Cucu. Wakati wa likizo nilishinda chini ya meza ya mashine ya kufumia, nikisikiliza inavyokwaruza kwenda na kurudi hadi usingizi unichukue. Kila shule ilikuwa na rangi yake, na kila kazi ilipokwisha palibaki kibonge kidogo cha uzi. Mama hakutupa hata kimoja.

Siku moja aliyamwaga mabonge yote mezani akaanza kuyapanga. Alifumba jicho moja, akayasogeza, akarudi nyuma, akayasogeza tena. Nilipotaka kusaidia aliniambia, "Hiyo njano weka mbali na hiyo nyekundu. Zikikaribiana zinapiga kelele." Nilitega sikio kwa bidii nisikie hizo kelele. Leo nina kompyuta yenye rangi nisizoweza kuzimaliza, na bado hufumba jicho moja kabla ya kuchagua.

Kwa mabaki hayo alijifumia sweta yenye mistari, nene ajabu kwa joto la kwetu. Watu waliiita sweta ya shule zote. Wanafunzi wakimwona njiani walitafuta mstari wa shule yao na kuushangilia, na mwalimu mkuu mmoja alimtania kwamba akipita langoni kwake atamrudisha nyumbani, maana haijulikani anasoma wapi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwonea fahari sana.

Kisha akaanza kukohoa. Alipelekwa hospitalini, akarudi, akapelekwa tena. Watoto wa kwetu hutumwa kuchota maji wakati wa habari kubwa, na wiki ile nilichota maji mpaka mapipa yakafurika. Niliporudi na mtungi wa mwisho, nilikuta wanawake wamejaa uani na begi la nguo za mama liko juu ya kiti chake. Sweta ilikuwa ndani. Tangu siku hiyo nililala nimeikumbatia, pua ndani ya kola, na hakuna aliyeninyang'anya.

Lakini kwetu nguo za marehemu hugawanywa. Mazishi yakishapita, wanawake wa familia huketi pamoja na kila mmoja hupewa kitu cha kumkumbukia aliyeondoka. Mama mkubwa Eunice, dada ya mama aliyeolewa upande wa Maua, alikuwa ameshachagua chake siku ile ile ya mazishi, akisugua sufuria. "Ile sweta ya mistari ni yangu," alisema. "Maua kuna baridi, si kama huku kwenu." Hakusema kwa ubaya, na wenzake wote waliitikia. Nani angemuuliza mtoto? Nilipanga kuificha ghalani. Nilipanga kuivaa na kukataa kuivua. Mipango hiyo yote iliishia kitandani.

Siku ya kugawana ilipokaribia, Cucu aliniita alasiri moja. Nilimkuta kwenye kigoda, kivulini mwa nyumba, sweta ya mama mapajani na wembe mkononi.

"Nyosha mikono," aliniambia.

Alikata mshono wa bega, akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Mstari wa kwanza ulifumuka kwa urahisi ulionitisha. Uzi ulitoka umejikunja kama tambi, naye akauzungusha kwenye viganja vyangu, kutoka huku kwenda kule, mpaka mikono yangu ikawa kama imefungwa pingu.

"Cucu, usifanye hivyo. Tafadhali."

"Simama wima. Uzi utajifunga."

Hakunitazama. Mkono mmoja wa sweta uliisha, kisha wa pili, kisha kifua. Machozi na kamasi vilinitiririka hadi mdomoni na sikuweza kujifuta. Ningeweza kuishusha mikono, lakini kila uzi ungejisokota na hata kile kilichobaki cha mama kingeharibika. Basi nikasimama vile vile, nikamsaidia kuimaliza. Sijawahi tena kujiona mnyonge kiasi kile.

Mama mkubwa alipofika na kuulizia sweta, Cucu alimjibu, "Iliisha."

"Sweta inaisha aje, Mama?"

Mama mkubwa aligeuka akaona nyuzi zilizofuliwa zikining'inia kwenye kamba ya nguo, zimefungiwa mawe zipate kunyooka. Alizitambua. Alijifunika uso kwa leso, na chakula kilipopakuliwa hakukigusa.

Nyuzi zile Cucu alizisuka kiondo, kikapu cha kubebea mgongoni. Wiki nzima vidole vyake havikupumzika, na mistari ya mama ikatokea upya, ikizunguka badala ya kulala. Kilikuwa kizuri, na hilo liliniudhi zaidi. Nilidhani angalau kitatundikwa ukutani. Wapi! Cucu alikitia pojo, akakitia mihogo, akakitia hata chupa ya mafuta ya taa. Mkanda kwenye paji la uso, kiondo mgongoni, huyo akaenda sokoni, na kila aliporudi kilikuwa kimepauka kidogo.

Nilimsihi anipe nikihifadhi.

"Kiondo ni cha kubeba," alisema, basi.

Nilikitazama kikiisha. Kwanza njano, kisha kijani, kisha kitako kikatoboka akakishona kwa katani, kikatoboka tena. Nilipoenda shule ya sekondari kuku alikuwa akitagia ndani yake, na niliporudi likizo mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Nilimchukia Cucu. Nasema hivyo nikijua uzito wa neno lenyewe. Kwa miaka mingi nilisalimiana naye kama jirani.

Mara moja tu nilimuuliza. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, nimemletea sukari na majani ya chai. Kwa nini uliifumua?

"Ningeiona aje ikitembea na mtu mwingine?"

Na kiondo, kwa nini ukakiacha kiishe? Alishika mgongo wake kwa mkono mmoja, chini ya mabega, nami nikadhani ni maumivu ya uzee, nikamwahidi dawa ya kuchua.

Mwaka jana nilijifungua binti. Siku ya kwanza nilipomfunga mgongoni kwa leso nikainama kufagia, uzito wake mdogo ulitulia chini ya mabega yangu, nikaacha kufagia. Kiondo kile kilikuwa kikikaa hapo hapo mgongoni mwa Cucu. Hapo ndipo Cucu alipombeba mama alipokuwa mtoto mchanga, na baada ya kumzika hakuwa na mahali pengine pa kumweka. Nilitamani kukimbia kumwambia nimeelewa, lakini Cucu mwenyewe alikuwa amelala kando ya mama, chini ya udongo wa Kiritiri. Nikasimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, nikalia kwa sauti, na mtoto akaamka akaanza kulia nami.