Kengele ya Mbwa Niliyoichoma

Katika orodha yetu ya vitu vya kuchoma ilikuwa namba tisa. Namba moja zilikuwa hirizi za shingoni, namba mbili vibuyu vya dawa, na hivyo hivyo mpaka kumi na nne. Namba tisa ilisomeka: kengele za mbwa. Niliiandika kwa penseli, kwa mwandiko wangu mzuri, katika shule ya wainjilisti kule Masisi, na sikuinua mkono kuuliza kengele ya mbwa ni kitu gani. Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa vijana kumi na wawili wa milimani, watoto wa wakulima Wakristo. Kwetu mbwa alilala mlangoni, alibweka mgeni akija, alipigwa teke akiiba. Kengele tuliyoijua ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa mbele ya kanisa.

Leo ni mzee na hasira bado ninayo. Watu huniambia kwamba hasira si tunda la Roho. Najua. Andiko hilo nimelihubiri mara nyingi kuliko wao.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Burungu, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na sitasema alikuwa mvivu. Alitufundisha kusoma Injili kwa utaratibu, kuomba kabla ya kunena, na kujichunguza kila asubuhi kwa kuandika dhambi ya jana katika daftari. Kuhubiri tulijifunza bondeni. Mmoja alisimama upande huu, mwenzake ng'ambo penye ng'ombe, na asiyesikika alirudia mahubiri yake yote tangu mwanzo. Alikuwa pia na neno lake: "Choma kwanza, fundisha nyuma." Alilirudia mpaka tukalisema usingizini. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka msituni. Orodha alipewa na mtu, na mtu huyo alikuwa amepewa na mwingine.

Ili kupata barua ya uinjilisti ilikupasa kukaa mwaka mzima kati ya watu wasiobatizwa na kuandika ripoti ya nyumba moja, angalau, iliyosafishwa kwa kufuata orodha. Mimi nilitumwa Walikale.

Nilitembea siku nyingi, nikishuka tu, mpaka baridi ikaniacha na jasho likanishika. Kijiji kilikuwa nusu siku kutoka Mubi. Mtu wa milimani amezoea kuona anakotoka na anakokwenda. Pale niliona miti, na nyuma ya miti, miti. Nilipokelewa na mwindaji mwenye mvi chache, mtu wa maneno machache, pamoja na mke wake, aliyekuwa amebatizwa akiwa msichana kwao Hombo. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa amemwombea mumewe abatizwe, na nilipofika aliniambia wazi kwamba mimi ndiye jibu la maombi yake. Nilimwamini upesi mno.

Jumapili ya kwanza nilihubiri kama nilivyofundishwa, kwa sauti ya kuvuka bonde. Watu walikuwa wameketi hatua tatu mbele yangu. Mama alivumilia kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, punguza. Tuko hapa tu. Ao uko naita nyama?"

Walicheka mpaka watoto walioletwa mgongoni wakaamka. Nilipunguza sauti, lakini jioni niliandika katika daftari dhambi yao, si yangu.

Papa, ndivyo nilivyomwita yule mwindaji, hakucheka. Alikuja kila jioni kusikiliza, akakaa kwenye kigoda chake akichonga mpini au akisuka kamba, akauliza swali moja tu. Nilipofundisha habari za Abrahamu na mwanawe mlimani, aliuliza zaidi. Alitaka kujua kama ile sauti ya kumzuia ilikuja kabla ya kisu au baada yake. Nikamwambia kabla. Akauliza kama ilikuwa kabla kwa muda mrefu. Nikamwambia hapana, mkono ulikuwa umekwisha kuinuliwa. Aliniomba niisimulie tena kesho yake, na kesho kutwa.

Baada ya miezi mitatu alisema anataka kubatizwa. Mama alilia. Mimi nilichukua orodha.

Alivitoa vitu vyake mwenyewe, bila huzuni: kibuyu cha dawa ya mitego, pembe ndogo iliyozibwa kwa nta, kamba yenye mafundo. Nilivitia alama. Halafu nikatazama ukutani, na juu ya kigingi nikaona kengele ya mti, kubwa kama ngumi, nyeusi kwa mafuta. Ndani ilikuwa imeshindiliwa majani mabichi. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakiri. Namba tisa, na dawa yake ndani.

"Hii ni ya mbwa," alisema Papa.

"Najua," nilijibu.

Sikujua chochote. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingine, lakini hakuna ulionigharimu kama neno lile moja.

Tulichoma vitu nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amesimama na chungu mkononi. Alianza kusema, "Mwalimu, ile kengele," na mumewe akamnyamazisha kwa kiganja. Aliitia kengele motoni yeye mwenyewe, polepole, kisha akachuchumaa. Hakutazama moto. Alinitazama mimi. Nilidhani ni macho ya mtu anayetubu, nikaomba sala ndefu. Mti ule ulikuwa mgumu na ulikawia kushika moto. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuuliza swali moja.

Ripoti niliiandika siku ile ile, nikamkabidhi msafiri wa kwanza aliyepanda Masisi.

Papa alikuwa na mbwa mmoja, jike, wa rangi ya udongo. Siku ya tatu baada ya moto alikwenda naye kuwinda, na jioni akarudi peke yake. Tulimtafuta siku mbili. Mimi nilikwenda nyuma, nikijikwaa kwenye mizizi, bila faida kwa mtu yeyote. Tulimkuta kando ya kijito, tumbo limepasuliwa na nguruwe wa porini. Udongo ulikuwa umechimbuka pande zote. Alikuwa amemzuia nguruwe yule kwa muda mrefu, akimngoja bwana wake. Papa alinionyesha mti mmoja. Chini ya mti ule alikuwa amesimama siku ile, akisikiliza. Kutoka pale mpaka alipolala mbwa ungeweza kutupa jiwe na kufikisha.

Alimfunika kwa majani, kisha akaketi. Nilimwuliza kwa nini mbwa hakubweka. Aliniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Mbwa ya huku hailie, Mwalimu. Uko nasi miezi tatu, ulisikia yetu inalia siku gani?"

Sikuwahi kumsikia. Nilikuwa nimedhani ana adabu.

Akanieleza, bila kupandisha sauti. Kengele ndiyo sauti ya mbwa. Njiani huishindilia majani ili isilie na kufukuza nyama. Mkifika mahali pa kuwinda, unatoa majani, unamwachilia mbwa, unafuata mlio. Mlio ukikimbia, nyama inakimbia. Mlio ukisimama mahali pamoja, mbwa ameizuia, nawe unakwenda na mkuki. Nikauliza habari za mafuta. Ni ya kuzuia mti usipasuke, alisema.

"Papa, juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema unajua."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo hunijia nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa shambani, nikiwa katikati ya sala.

"Mimi nilijua haiko dawa. Lakini nilifikiri Mungu anaomba kitu mutu anapenda, sawa vile aliomba Abrahamu. Njo maana nilingoja sauti. Ni weye nilikuwa naangalia."

Asubuhi yake nilifungua daftari la dhambi. Nilijaza kurasa nne, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na dhambi ya mtu mwingine ndani. Halafu nikafunga mzigo nikapanda Masisi. Nilitaka mstari wa tisa ufutwe kabla mwingine hajatumwa nao. Njia nzima nilipanga maneno yangu kwa heshima, kwa maana alikuwa mwalimu wangu na nilikula kwake.

Nilimkuta akipalilia maharage yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mpini wa jembe. Akaniambia ripoti yangu ilisomwa kanisani na watu wakapiga makofi. Wazazi wangu walisimama ili waonekane. Nikamwuliza kama yeye aliwahi kuona mbwa wa msituni.

"Mimi niko mwalimu, siko muwindaji," alisema. "Mbwa moja imekufa, mutu moja ameokoka. Unalia juu ya nini, mutoto yangu?"

Nilisema orodha ina kosa. Alijibu kwamba ikifutwa namba tisa, kesho watakuja kumwomba afute namba kumi, na kesho kutwa hakutakuwa na orodha. Kisha akaongeza, kwa upole ule ule aliotumia kutufundisha kuomba, kwamba nikienda kuwaambia watu ripoti yangu ilikuwa ya uongo, barua sitaiona. Alirudi kupalilia. Alikuwa anang'oa magugu kwa uangalifu mkubwa, akitenganisha kila mche kwa vidole. Maharage yake aliyachunguza kuliko alivyotufundisha kuwachunguza watu.

Niseme ukweli wote: niliporudi Walikale nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza. Nilijiambia kwamba nikipata barua ndipo nitakuwa na nguvu ya kusema. Papa hakuniuliza Masisi walijibu nini. Shemeji yake wa Mubi alikuwa amempa mbwa mchanga, naye alikuwa anachonga kengele mpya.

Pasta wa Masisi alifika na wazee wawili mwisho wa mvua, kubatiza watu saba. Mama alikuwa amefua kitambaa cheupe cha mumewe na kukianika siku mbili, akikilinda dhidi ya kuku. Tulikutana kijitoni. Wanawake walikuwa wamewasha moto kando, wanaponda ndizi za lituma ya karamu. Papa alikuja na mbwa wake, na kengele shingoni mwa mbwa, kwa sababu hakuona la kuficha.

Mzee mmoja alikuwa na ripoti yangu mfukoni. Aliitazama, akaitazama kengele, akamnong'oneza Pasta. Pasta alimwita Papa mbele. Alisema mtu huyu alichoma shetani na sasa amemchonga upya. Aichome hapa, sasa hivi, halafu aingie majini. Mama alinigeukia. Alikuwa ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili.

Papa alifungua kengele. Alikwenda mpaka kwenye moto wa wapishi, akachuchumaa vile vile kama siku ya kwanza, mkono juu ya ndimi za moto, akanitazama.

Nilinyamaza. Nilinyamaza muda wa mtu kumaliza Baba Yetu, na wala sikuwa naiomba. Nilikuwa nawaza barua.

Kisha nilikwenda nikamshika mkono.

"Acha, Papa. Haiko dawa." Nikamgeukia Pasta. "Mimi niliandika uongo. Niliichoma bila kujua ni nini, na nilisema najua."

Pasta aliniambia nisimame kando. Mwinjilisti anayetetea vitu vya shetani mbele ya watu, alisema, amepotea kuliko mpagani. Nilimwomba aulize mtu yeyote pale kama mbwa wa huku wanabweka. Hakutaka kuuliza. Mama ndiye aliyesema.

"Pasta, tangu mulifika mbwa tano zimewazunguka. Muko nasikia moja inalia?"

Watu walicheka, maana mmoja wa mbwa hao alikuwa ananusa viatu vya mzee mwenye ripoti, kimya kabisa. Labda kama wasingecheka, Pasta angefikiri. Uso wake ulijaa damu. Alibatiza watu sita, akafunga kitabu, akaondoka bila kula. Barua yangu nayo ilikwenda naye.

Mama alikunja kitambaa kikiwa kikavu. Siku mbili hakusema na mimi. Siku ya tatu aliniwekea sahani.

"Kula, Mwalimu. Siko nakukasirikia weye peke yako."

Nilibaki pale bila barua, nikalima, nikafundisha jioni kwa sauti ya kawaida. Sikufundisha tena jambo ambalo sikuwa nimeuliza kwanza. Papa alinichukua kuwinda. Tulipofika, alinipa kengele, nami nikatoa majani kwa vidole vyangu, jani kwa jani, na mbwa akaondoka na sauti yake.

Papa alibatizwa baada ya misimu miwili ya mvua, na pasta mwingine, mgeni kabisa. Mbwa alifungwa kwenye mti kando ya kijito, na Papa alikuwa ameshindilia kengele ili isisumbue sala. Pasta aliyaona majani. Alinyoosha kidole, akauliza ni ya nini. Papa, kitambaa cheupe kiunoni, miguu tayari majini, alimweleza. Pasta aliitikia kwa kichwa, akasema ni akili nzuri, akaendelea na ubatizo.

Swali lile na jibu lake vilikuwa vifupi kuliko kuchemsha chai. Mama aliimba. Mimi nilisimama ukingoni nikiimba naye, na katikati ya wimbo, badala ya furaha, hasira ilinipanda upya mpaka sauti ikakatika.