Tuta la Dafrosa

Wifi yangu Dafrosa anauza togwa tangu mji wa Mbinga haujaupanda mlima wetu. Enzi hizo huku kulikuwa ngolo tupu, yale mashimo yetu ya kulimia, mteremko mzima, na mtu akitaka kwenda popote anapita juu ya matuta. Barabara ya nini? Tuta ndiyo njia.

Ndiyo maana tulipoanza kuuza viwanja hatukubakiza njia. Kila mmoja aliuza mpaka kwenye tuta la jirani. Wageni wakafukia mashimo, wakapandisha kuta, na vichochoro vyote vikaishia ukutani. Likabaki shamba la Dafrosa tu, limeshuka kutoka mlangoni kwake mpaka bondeni. Wateja wake wa bondeni walipita hapo. Bila hapo, ni kuzunguka mlima mzima kupitia kwa Nazari fundi cherehani, na nani atazunguka mlima kwa kikombe cha togwa?

Akaja Clemence, mwenye duka la mbao.

"Shikamoo, bibi. Shamba nalichukua lote."

"Marahaba. Lote haliuzwi. Lile tuta la katikati ni la watu."

"Bibi, nyumba haikatwi katikati kama mkate."

"Basi kanunue mkate."

Mimi nilikuwepo. Nikamwambia, "Wifi, uza. Bati lako linavuja mpaka kwenye chungu."

"Togwa inataka maji," akasema.

Clemence akaondoka amenuna. Pikipiki yake aliiacha bondeni, na kwa hasira hakutaka kulikanyaga tuta tena. Akajaribu kichochoro cha kwanza, ukuta. Cha pili, ukuta na mbwa. Tukamwona anarudi, viatu mkononi, anatafuta tuta.

"Pita, baba, pita," Dafrosa akamwambia. "Bado sijauza."

Akacheka mwenyewe, akaomba kikombe. Wiki iliyofuata alinunua upande wa kushoto wa tuta tu. Mashimo yaliyopakana na tuta mafundi wake wakayafukia, sasa hata mkokoteni unapita, na wateja wanapanda wakiimba. Bati jipya lipo.

Mimi bado nasema angeuza lote. Namwambia hivyo kila asubuhi nikishapanda kwa njia yake kufuata togwa. Ananijazia kikombe, anasema, "Sawa, wifi. Kesho zungukia kwa Nazari."