Nani Anakamata Masomo?

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana nilidhani kazi ya ofisi ni kukaa. Directrice wa kituo chetu cha huduma za jamii pale Kisangani, mama mnene wa kutoka Kindu ambaye hakupandisha sauti hata siku moja na wala hakuhitaji, alinitazama kichwa mpaka miguu akacheka.

"Bon," akasema, "tosha ile viatu ku miguu. Kuko matanga kule Mangobo. Enda usaidie bamama kusafisha masufuria."

Nikadhani ananitania. Mimi, niliyetoka shule na diploma ya assistante sociale yenye mhuri, nilishinda siku nzima nikisugua masizi kwa majivu na mchanga, kati ya wanawake wasiojua hata jina langu. Nilirudi ofisini nimenuna, kucha zimekatika. Directrice akaniuliza nimesikia nini. Nikamjibu nimesikia vilio.

"Na kisha?"

"Wamesema pirogi ya kuvulia inaenda kwa mdogo wa marehemu, cherehani kwa dada yake. Na watoto watagawanywa."

"Na masomo ya batoto?"

Hakuna aliyeyataja.

"Njo kazi yako ile, binti yangu," akasema. "Haiko ingine."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo, mkitembea na mafaili kwapani, sikilizeni vizuri. Kwetu, mtu akifa, ukoo unalia pamoja, unavaa kitenge cha namna moja, na siku ya kuvunja matanga wanakaa chini kugawana alichoacha. Kila kitu kinatajwa mbele ya watu: nyavu, vyungu, shamba, mjane, watoto. Anayetaka kitu anasimama na kusema, "Nakamata." Neno hilo ni zito. Ukilisema mbele ya mashahidi kisha ukarudi nyuma, utachekwa wewe na wajukuu wako. Tatizo ni kwamba mtoto alikamatwa kama mikono miwili ya kutwanga na kuvua, na shule ilibaki pale chini kama takataka ya kufagiwa. Directrice ndiye aliyeliona pengo hilo. Alitufundisha kukaa na waosha vyombo, kula nao, kulia nao, kungoja mpaka nyavu na vyungu viishe, kisha kuuliza kwa upole, kana kwamba ndiyo kwanza tumekumbuka: "Na masomo ya mutoto, nani anakamata?"

Watu walitazamana. Ilikuwa aibu masomo ya marehemu kukosa mtu. Mwishowe mjomba fulani au shangazi fulani alisimama. Na aliyesimama hakuthubutu tena kumwondoa mtoto darasani.

Niliifanya kazi hiyo Mangobo, kisha nikapelekwa Barumbu, mbali kule chini ya mto. Huko ndiko nilikojifunza ubaya wa bangi. Maji yakipungua, familia nzima zinahamia kambi za uvuvi, na watoto wanapewa bangi wavute ili wasisikie njaa wala baridi ya maji. Wanarudi shuleni macho mekundu, mwalimu anauliza, wao wanacheka tu. Nilipigana na wavuvi kwa mdomo mpaka sauti ikanikauka. Wengine walinisikia. Wengi waliniambia nikavue mimi.

Niliporudishwa Kisangani, Directrice alikuwa amestaafu na nafasi yake imeshikwa na Citoyen Chef. Jina alikuwa nalo, lakini alitaka tumwite hivyo, nami nimezoea. Alitoka mji mkuu na abacost, ile suti isiyo na tai ya watu wa Chama kilichotawala, iliyonyooshwa vizuri, na hakuwahi kuosha sufuria hata yake mwenyewe. Wakati huohuo SIDA, yaani UKIMWI, ikaingia mtoni. Wafanyabiashara wa boti walianza kukonda, kisha wake zao. Watu walisema ni sumu, ni ndoki, yaani uchawi, ni wivu wa jirani. Jina lenyewe halikutajwa. Na matanga yakaharibika! Watu walikuja kulia mlangoni wakaondoka bila kula. Mtaulizaje nani anakamata masomo, ikiwa hata sufuria za marehemu hakuna anayezitaka?

Ndivyo ilivyokuwa Yanonge, kijiji cha kuteremka mto kutoka Kisangani, kwenye matanga ya mama yake Bolumbu. Baba yake alikuwa ametangulia. Alikuwa akiuza chumvi na nguo kwenye boti za Isangi. Bolumbu alikuwa msichana wa darasa la tano, mtoto wa kwanza darasani kwao, na mwalimu wake aliniambia waziwazi kwamba akiachwa afike darasa la sita na kufanya mtihani wa cheti, hakuna mlango utakaofungwa mbele yake. Nilikaa na waosha vyombo. Tulikuwa wachache, na wawili walishika masufuria kwa vidole kama yana moto. Zamu yangu ilipofika nikauliza. Kimya. Nikauliza tena. Shangazi mtu akatazama mto, mjomba akakumbuka ana kikohozi.

Akasimama Papa Lifoli, kaka mkubwa wa baba yake. Kila mtu Yanonge alijua kwamba nyuma ya mihogo yake kuna bangi, na kwamba watoto wa kwake ndio wanaoipalilia, kuianika na kuisokota.

"Mi nakamata," akasema. "Mutoto, na masomo yake."

Nilimfuata mpaka nyumbani kwake. Sikumzungusha. Nilimwambia najua anachopanda.

"Mama Sosiale, ile bangi njo chakula ya nyumba," akanijibu. "Nitakula nini? Majani ya Chama?"

"Papa, sikukatazi shamba. Nakukataza kichwa cha huyu mtoto. Umesema mbele ya watu."

Bolumbu mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini, anasokota bangi, na huku anaimba vitenzi vya Kifaransa, je suis, tu es, macho yake mekundu tayari. Papa Lifoli alimtazama. Alimwendea akamwondolea bangi mikononi, akachuma ndimu, akamsugua vidole mpaka harufu ikatoka. Tangu siku hiyo hakumruhusu kuigusa wala kuivuta. Alimvusha kwa pirogi yake mwenyewe kila asubuhi na kumngoja ashuke mpaka aone ameingia uani pa shule. Mkulima wa bangi! Nimefanya kazi na mashemasi na wanachama wa Chama wenye beji kifuani, na sikupata kumwona aliyelinda neno lake vile. Bolumbu akapanda darasa la sita.

Sasa njoni muone akili za wakubwa. Citoyen Chef alikuwa akingoja wageni kutoka mji mkuu, na alitaka kitu cha kuwaonyesha. Akaniita.

"Citoyenne, wale yatima wako wa Yanonge, bayatima ba ile maladi iliyoua bazazi, tutawavalisha. Nimepata kitenge cha Chama, kijani, kizuri. Wote kitambaa kimoja, wasimame mbele ya shule, groupe d'animation ya Chama inaimba na kucheza, tunapiga picha."

Nikamwambia, "Citoyen Chef, kule mtoni wanaovaa kitenge kimoja ni watu wa msiba mmoja. Tafadhali, wape uniforme ya shule kama wengine, bluu na nyeupe."

"Uniforme kila mtoto iko nayo. Picha itaonyesha nini?"

"Watu watasema watoto wale wana kilio."

Akacheka, akapangusa kioo cha miwani. "Weye umeosha masufuria sana, unaona matanga kila mahali. Hiki ni kitenge cha Chama. Nani atalia akiona Chama?"

Nilimwambia mara ya pili, na ya tatu mbele ya katibu wake. Akaniuliza kama napinga Chama. Ninyi hamjui swali hilo lilikuwa na meno gani wakati ule. Nikanyamaza, lakini niliteremka mto pamoja nao. Pirogi ilipopita Simi-Simi nilikuwa bado naomba Mungu injini izime.

Haikuzima. Waliwapanga watoto mbele ya shule, kijani kitupu, Bolumbu katikati kwa sababu alijua kusoma hotuba. Yadi ilijaa wazazi. Citoyen Chef akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba hawa ndio watoto ambao wazazi wao wameuawa na SIDA, na kwamba Chama ndicho baba yao. Hivyo hivyo! Jina ambalo hakuna jirani aliyethubutu kulitamka, alilimwaga pale mbele ya kijiji kizima.

Kilio huanza mfiwa. Bibi mmoja, mama wa mama wa mmoja wao, aliona kitenge kile, akasikia neno lile, akajishika kichwa akaanza kulia kwa sauti ya msiba. Mwingine akapokea. Kisha wanawake wote wa yadi, kama wanavyofanya maiti inapotolewa nyumbani. Wachezaji wa animation hawakujua kama waimbe au wakae chini. Watoto walisimama palepale wakililiwa wakiwa hai. Na Citoyen Chef, jamani, alidhani ni machozi ya furaha. Alipiga makofi!

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, na leo hii, pamoja na uzee wangu wote, ningempiga.

Wiki iliyofuata hakuna mzazi aliyekubali mwanawe akae na wale. Kitenge cha matanga hakivuliwi mpaka matanga yavunjwe, na matanga yale nani angeyavunja, na marehemu ni nani? Hata walipokivua walionekana bado wamekivaa. Benchi la Bolumbu likabaki la kwake peke yake. Mkurugenzi wa shule, mtu mpole, mwoga kama kuku wa kuazima, alinikuta sokoni akanisemesha akitazama samaki.

"Mama Sosiale, batoto bako bakae kwanza ku nyumba kidogo. Mpaka bazazi batulie."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Mama mmoja aliyenijua, aliyekula nami kwenye matanga mengi, alinifungia mlango huku akiniambia kwa huzuni, "Mama, mi sina chuki. Lakini ulileta kilio shuleni." Mtihani wa cheti ulifanyika, na Bolumbu hakuwepo.

Papa Lifoli alipanda mto mpaka Kisangani kunitafuta. Aliingia ofisini kwangu miguu mitupu, kofia mkononi, na kitenge cha kijani kimekunjwa vizuri. Akakiweka juu ya meza yangu.

"Mama, nilikamata masomo ya huyu mutoto mbele ya batu," akasema. "Sikuangusha. Ni ninyi mumeangusha. Leo nairudisha. Iko kwako."

Nilimwomba akae. Hakukaa. Nilimfuata mpaka ngazini nikimwahidi nitasema na wakubwa, nitafanya hivi, nitafanya vile. Alishuka bila kugeuka. Nilikwenda kwa Citoyen Chef na kitenge mkononi, naye akanionyesha picha. Zilitoka vizuri sana, akasema. Picha hizo zilimpandisha cheo akarudi mji mkuu. Mimi kwa mdomo wangu nikahamishiwa ghala la mablanketi, na huko nilimalizia kazi, nikilinda mablanketi ambayo wakubwa waliyachukua mmoja mmoja mbele ya macho yangu. Mlangoni pa kustaafu nilipewa karatasi ya pongezi, na malipo ya uzeeni bado nayangoja. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wangu hata nzi hautaki.

Mnaniuliza hekima ya kazi. Hekima gani? Mwanamke aliyeosha masufuria alijua kuliweka neno kwenye matanga likasimama, na mwenye kipaza sauti alilibomoa kabla ya chakula cha mchana.

Juzijuzi nilipata habari kwamba Papa Lifoli amekufa. Nikashuka Yanonge na magoti yangu mabovu. Niliketi na waosha vyombo kama zamani, nikasugua, na siku ya kuvunja matanga nikakaa nyuma nisionekane. Waligawana pirogi. Waligawana mihogo, na kilichokuwa nyuma ya mihogo kiligawanywa kwa kunong'ona. Ndipo mwanamke kijana akasimama upande wa pili, amekonda, midomo imeungua, macho yale mekundu niliyoyajua. Bolumbu. Alininyooshea kidole kati ya watu wote.

"Mama Sosiale. Papa aliniambia aliacha masomo yangu kwako. Bado iko?"

Watu wakageuka. Miaka yote nimezoea kuuliza mimi; sijui kuulizwa.

"Haiko, mwanangu," nikasema. "Ilinifia mkononi."

Hakulia. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyekwenda sokoni akijua atakuta kumefungwa. Kisha akamvuta bintiye mdogo aliyejificha nyuma ya kitenge chake, akamsukuma mbele, katikati ya mkeka ambapo nyavu zilikuwa zimegawiwa.

"Alors, ya huyu. Nani anakamata?"

Kimya kile nakijua. Shangazi walitazama mto. Mimi sina mshahara, sina nguvu, na nyumba yangu ya Kabondo inavuja pande zote. Nilishika bega la mwanamke aliye jirani yangu nikasimama, mikono bado ina masizi.

"Nakamata," nikasema.

Yuko hapa kwangu sasa, analala wakati ninaandika. Ni mkaidi, anakataa pondu ya majani ya mihogo, anataka lituma ya ndizi za kuponda kila siku kama mtoto wa gavana. Kesho anaanza darasa la kwanza. Nguo yake nimeishona mwenyewe kwa mkono, nimeifua, nimeitundika mlangoni: bluu na nyeupe, kama ya wengine wote.