Sauti Nyuma ya Pazia

Fundi kufuli alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Mteja angeweza kueleza kwa kirefu jinsi ufunguo ulivyomvunjikia tunduni, yeye akajibu, "Acha," maana yake acha kufuli hapa, uje kesho. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Binti yake alilelewa kwa "ndiyo", "siyo" na "tutaona", na huenda ndiyo sababu akawa mdadisi kupindukia. Alikuwa msusi. Mwanamke akikaa kwenye kiti chake, mpaka nywele ziishe kusukwa, msusi ameshajua hata mkwe wa huyo mwanamke anavyokoroma.

Sasa baba amezikwa, na wageni wa kuhani walishaanza kupungua. Mchana mmoja msusi alikuwa anasuuza vikombe, na shangazi yake, dada pekee wa marehemu, amekaa sebuleni miguu juu ya stuli, ikasikika hodi. Akaingia mama mmoja wa makamo ya juu, mnene, mkoba kwapani. Aliwashika mikono wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Poleni sana kwa msiba."

"Ahsante, mama, tumeshapoa," msusi alisema. "Ila nisamehe, sijakufahamu."

"Utanifahamu wapi? Mimi mwenyewe sikujua kama yuko mji huu." Mgeni alifungua mkoba, akatoa kufuli kubwa lenye kutu. "Nimekwenda na hili dukani kwake, nikakuta pamefungwa na picha yake imebandikwa mlangoni. Nikayaona yale masikio. Nikasema, haki ya Mungu, huyu ni Kasuku!"

"Kasuku?"

"Baba yako. Tulikaa ua mmoja utotoni. Hakuna sauti ya mtu ambayo hakuiiga. Akilia kama muuza mkaa, akina mama wote wanatoka na makarai, wanakuta uani hamna mtu ila kitoto kimekaa kinachezea udongo!"

Msusi alimwangalia shangazi. Shangazi alipandisha mabega. Baba, aliyeona taabu hata kuitikia salamu, kumwiga muuza mkaa?

"Labda umemfananisha, mama," msusi alisema, huku tayari ameshammiminia chai na kuvuta kiti karibu.

"Nimfananishe na nani? Baba yake si alikuwa dereva wa lori, kutwa yuko safarini? Na mama yake si alifariki akaacha katoto ka miaka miwili?"

"Katoto kenyewe ndiye mimi," shangazi alisema taratibu.

Mgeni aliweka kikombe chini. "Wewe? Kidege?"

Shangazi aliteremsha miguu kwenye stuli. "Jina hilo umelitoa wapi? Mama ndiye aliyekuwa ananiita hivyo. Watu huniambia nilikuwa mdogo mno, siwezi kumkumbuka. Lakini sauti yake ninayo. 'Kidege changu, fungua mdomo.' Ninayo kabisa, mpaka leo."

Mgeni alimtazama shangazi, akamtazama msusi, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Msusi alilijua hilo tazamo. Wateja wake huwa nalo kabla ya kusema jambo lenyewe.

"Sema tu, mama," alimwambia.

"Hakukwambia?" Mgeni alimgeukia shangazi. "Mama yenu alipofariki uligoma kula. Uji ukiletwa, unageuza uso. Ulikonda ukabaki macho. Kaka yako akaniambia, wewe shika kijiko. Akaenda nyuma ya pazia la chumbani, akaita kwa sauti ya mama yenu. Ukafungua mdomo. Mimi nusura nimwage uji."

Msusi aliogopa kumtazama shangazi, ila udadisi ukamzidi, akatazama. Shangazi hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayesikiliza jambo chumba cha pili.

"Kwa muda gani?" shangazi aliuliza.

"Miaka. Hata ulipoweza kula mwenyewe, ulikuwa ukiugua au ukianguka, anakimbilia pazia."

"Na mbona aliacha?" msusi aliuliza.

"Sauti ilivunjika. Alikuwa ameanza kuota ndevu. Siku hiyo shangazi yako ana homa, akaenda nyuma ya pazia, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya dume la mbuzi. Akajaribu tena. Akatoka, akakaa kizingitini. Mimi mjinga nikacheka. Tangu siku hiyo sikumsikia akiiga mtu tena, na maneno yenyewe yakaanza kupungua. Halafu sisi tukahama."

"Kumbe," shangazi alisema. Baadaye tena, "Kumbe." Halafu akauliza jambo ambalo msusi hakulitazamia. "Alikuwa anaipatia? Wewe uliyemsikia mama mwenyewe, ilifanana?"

"Ilifanana mno. Ilikuwa nyembamba hivi." Mgeni alisafisha koo, akajaribu: "Kidege changu..."

"Hapana, hapana. Hukupatia. Inashuka kidogo mwishoni." Shangazi alifumba macho, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia maishani, laini, yenye kicheko kilichojificha ndani: "Kidege changu, fungua mdomo."

Mgeni alijipiga kifuani. "Ndiyo huyo!"

"Huyo nani?" msusi aliuliza. "Bibi au baba?"

Wale wawili walitazamana, wakaanza kucheka, na ndani ya kicheko hicho shangazi sasa akalia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akacheka tena.

Msusi hakuwa na haraka. Aliinjika chai nyingine, akarudi kukaa chini miguuni mwa mgeni.

"Haya, mama. Tuanze na huyo muuza mkaa," alisema. "Alikuwa analiaje?"