Konokono Hana Jino

Jana mchuuzi mmoja alimpa mwanangu gamba la konokono wa pwani achezee. Lina madoadoa, linateleza kama limepakwa samli, na ndani bado linanuka chumvi na uozo. Nilimpokonya mtoto nikalitupa barabarani. Mchuuzi akaniuliza kama nina wazimu. Ninao, na nitawaeleza ulikotoka.

Enzi za Mdachi tulikaa Ihumwa. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na ugoro, bahari hajawahi hata kuiota. Walimchukua kubeba mizigo ya Mdachi mmoja hadi pwani, na huko yule bwana akatamani magamba ya kupendeza, akawaamuru wapagazi wayaokote miambani maji yakipwa. Mnyapara wao, mzaliwa wa huko, alijua kwamba yupo konokono mwenye sumu asiyeshikwa. Akanyamaza. Alicheka tu kwamba washenzi wa bara watajifunza wenyewe. Baba akaokota mmoja mzuri, akamfutika kiunoni kwenye shuka, kama tunavyofutika kila kitu huku kwetu. Konokono akamchoma ubavuni. Maji yaliporudi kujaa, baba alikuwa maiti.

Jirani yetu, mpagazi mwenzake, ndiye aliyetuletea habari hiyo pamoja na gamba lenyewe. Baba mkubwa, kaka yake baba, akaita wazee uani. Gamba likawekwa chini, katikati yao.

"Konokono hana jino," akasema. "Mvua zikinyesha tunawakanyaga shambani. Mume huuawa na mkewe."

Mama, mdogo wangu akiwa mgongoni, alipiga goti kwa adabu zote.

"Shemeji, mimi bahari nimeiona lini?"

Siku hiyohiyo tulifukuzwa kwenda kwao mama, Buigiri, bila hata mbuzi wa kamba. Ng'ombe wote wa baba wakabaki kwa baba mkubwa. Uchawi wa mama ulimnenepesha kwelikweli.

Mama alikufa akiitwa mchawi. Mwenyewe alizoea kusema mjinga husamehewa, nami nikajikaza kumsamehe baba mkubwa: mtu wa bara, angejulia wapi mambo ya bahari?

Mpaka nilipozaa. Nilikuwa namwogesha mwanangu, nikakumbuka kitu nilichokiona siku ile nisikielewe. Wazee walipotawanyika, baba mkubwa aliwafukuza wanawe wote uani kwanza. Kisha akatafuta fimbo ndefu, akalisukuma lile gamba kwa mbali, taratibu, hadi shimoni, akafukia.

Alikuwa amemwamini yule mpagazi kila neno.